Lita Kumi na Saba na Nusu

Jumatano, saa mbili usiku, chumba nambari tano.
Feni inazunguka darini bila kumpoza mtu.
Keshokutwa swali litafika: siku nne, watu watatu, jibu moja,
nami sitaruhusiwa kuvuka mlango huu hata kwa birika la chai.
Basi nisikilizeni sasa.

Obiero, mkono wako ni mwepesi kwenye kompyuta,
ila unaandika programu kabla hujalielewa swali,
kama mtu aliyekimbilia Kibuye na kikapu,
akafika sokoni ndipo ajiulize katumwa nini.
Kageha, wewe unaelewa upesi, kisha unanyamaza.
Ukimya haujawahi kupewa alama.
Sikuku, andika tangu saa ya kwanza.
Usingoje Jumatatu alfajiri uanze kutafuta maneno
ya kazi ambayo wenzako wameshaisahau.

Mnakumbuka Februari, mabomba ya Manyatta yalipokauka?
Niliwaomba modeli ya bei ya maji.
Mkajifungia humu wiki mbili,
mkatoka na milinganyo minne na grafu iliyojipinda
kwa madaha, kama bibi harusi mbele ya kamera.
Na katika makisio, mstari wa tatu:
*Mtungi mmoja ni lita ishirini.*
Nikauliza, nani kapima?
Mkatazamana.

Tukateremka na vumbi letu hadi kwa Akeyo.
Hakuwa na haja na elimu yetu.
Alitufokea: nunueni au pisheni foleni.
Tukanunua mitungi kumi, tukaipima
kwa chupa ya lita moja na faneli ya kuazima,
Obiero akihesabu kwa sauti,
watoto wakimkosesha makusudi, nane! kumi na tatu! sita!
Wa kwanza, kumi na tisa.
Wa pili, uliobonyea tumboni, kumi na saba.
Wa saba uliwahi kutiwa maji ya moto, ukanywea
kama uso wa mtu aliyeonja shubiri.
Wastani: kumi na saba na nusu.
Lita mbili na nusu, kila safari ya mkokoteni,
zilikuwa zimejificha ndani ya neno "ishirini",
na mtu fulani, nyumba fulani, alikuwa akilipia hewa.

Halafu lile daftari lake. Majina, mitungi, shilingi,
na hapa na pale mitungi mingi, shilingi hakuna.
Obiero akasema ni hitilafu, tufute.
Ndipo Kageha, kwa mara ya kwanza tangu Januari,
akafungua kinywa: *Mama, hizi ni nini?*
Akeyo hakuinua hata macho.
*Hapo pana matanga. Nani huuza maji ya matanga?*

Mligombana siku tatu kuhusu sifuri ile.
Mkaipa herufi, mkaiondoa, mkairudisha.
Mpaka leo sijui kama mliiweka mahali pake.
Mimi mwenyewe ningeifuta, nilipokuwa na umri wenu.
Niliifuta, tena si mara moja,
na karatasi zangu zilikuwa safi mno.

Haya. Laleni, hata kama ni saa tatu tu.
Baada ya usiku wa manane msibadilishe modeli,
badilisheni zamu.
Udhaifu wa kazi yenu utajeni wenyewe,
kabla msahihishaji hajautaja kwa niaba yenu.
Muhtasari uandikwe mwisho, usomwe kwa sauti,
na kama dada yake Sikuku pale Mbale haelewi,
basi nanyi hamjaelewa.

Jana nilipita kwa Akeyo.
Bado anauza kwa jina la ishirini.
Akaniuliza, *wale watoto wa chupa, wameshinda?*
Nikamwambia hata hawajaanza.
Akasonya. *Basi waambie warudishe faneli yangu.*

Kageha, naiona inachungulia mkobani mwako.
Ipeleke kabla ya Ijumaa.